Mwaka Ulioandikwa Juu ya Ghorofa

Mpendwa msomaji, mtu atokaye Levolosi kwenda katikati ya mji kwa miguu hachukui muda mrefu. Anaziacha nyumba za chini na vichochoro vyake, anavuka barabara, na mara yumo katika mitaa iliyonyooka yenye maduka ya vitambaa, ya simu na ya vipuri vya pikipiki. Wengi wetu huipita mitaa hiyo tukitazama chini, kwa sababu mikokoteni na bodaboda hazimpi mtu nafasi ya kuinua macho. Ndiyo sababu wakazi wengi wa Arusha hawajui kwamba juu ya maduka hayo kuna maandishi. Kwenye ukuta mfupi wa juu kabisa, ule unaoficha mabati, wajenzi wa zamani walikuwa na desturi ya kuchora kwa lipu jina la ukoo au neno la heri, na chini yake mwaka.

Ghorofa tunalotaka kulizungumzia juma hili lina mwaka 1957. Mtaa wake hatuutaji, wala rangi yake, kwa kuwa lina watu ndani yake. Ni kaya nane, na baadhi yao ni waumini wetu. Mmoja wao ni mama mwenye zaidi ya miaka themanini, anayekaa ghorofa ya pili, ambaye tunampelekea Komunyo Takatifu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Ngazi za kwake tunazijua kwa magoti.

Tuanze na jengo lenyewe, maana jengo ni shahidi ambaye hakuna mtu anayemhoji. Chini kuna maduka manne yenye milango mipana, na mbele yake paa jembamba la zege linalowakinga wapita njia dhidi ya mvua. Katikati ya maduka hayo, mawili huku na mawili huku, kuna mlango mwembamba usio na kibao. Hapo ndipo ngazi inapoanzia. Msingi ni wa mawe meusi ya volkano, ambayo Mlima Meru umeyatupa kila mahali katika nchi hii kwa ukarimu mkubwa. Kuta ni nene kuliko za leo. Sakafu ni ya terazo, iliyosuguliwa kwa jiwe mpaka vipande vyake vya marumaru vikang'aa, na hata sasa, ukipita na kitambaa chenye maji, inarudisha mng'ao wake kama haikuwahi kukanyagwa. Madirisha ni ya chuma. Upande wa barabara kuna roshani, na upande wa jua la jioni kuna ukuta wa matofali ya matundu unaopitisha hewa na mwanga lakini hauruhusu jirani kuona ndani. Aliyebuni jambo hilo alijua maisha ya watu wanaoishi wengi pamoja.

Saruji ya jengo hili haikutoka Tanganyika. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, kwa hiyo mwaka 1957 kila mfuko ulitoka nje ya nchi na kupanda milima hii kwa safari ndefu, na kwa kweli bila reli iliyofika Arusha mwaka 1929 ni vigumu kuwaza mji wa maghorofa mahali hapa. Kabla ya hapo palikuwa na boma ambalo Wajerumani walilijenga kati ya mwaka 1899 na 1900 kwa jasho la watu waliolazimishwa, na palikuwa na vijiduka vya mabati vya wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Waingereza walipoushika mji waliupanga kwa rangi za watu, na lugha yetu ikayapa maeneo hayo majina ambayo mengine bado tunayatumia: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mhindi, ambaye mlango wa kumiliki mashamba makubwa ulikuwa mwembamba kwake, aliweka akiba yake mahali aliporuhusiwa kuiweka, yaani katika kiwanja cha mjini. Alijenga duka. Mambo yalipokuwa mema, alijenga juu ya duka.

Hapa twamwomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu namna vyumba vilivyopangwa ndiyo inayotufundisha. Ghorofa ya kwanza haikufanana na ya pili. Katika ghorofa ya kwanza makazi mawili ya mbele yameunganishwa kwa mlango wa ndani, una sebule kubwa, na chumba cha nyuma chenye kijidirisha kinachotazama uani, ambacho bila shaka kilikuwa cha sala au cha mtu mzee. Hapo ndipo alipokaa mwenye jengo. Ghorofa ya pili ni makazi manne yaliyo sawa, kila moja na vyumba viwili na jiko lake: hayo yalikuwa ya kupangisha. Kwa hiyo mwenye jengo alilala juu ya duka lake na chini ya wapangaji wake. Aliisikia miguu yao usiku. Kama paa lilivuja walimwambia ngazini, na kama walichelewesha kodi aliwaambia hapo hapo.

Wapangaji hao hawakuwa Wahindu na Waismailia pekee. Walikuwamo Wagoa, makarani na mafundi cherehani, Wakatoliki kabla ya wengi wetu kuwa Wakatoliki, na atakayefungua vitabu vya zamani vya ubatizo katika miji mingi ya nchi yetu atakuta majina yao ya Kireno yameandikwa kwa wino uliofifia karibu na majina ya Kichagga na ya Kimeru.

Lakini jengo halishuhudii upande mmoja tu. Nyuma, uani, kuna ngazi ya pili, nyembamba, isiyo na terazo, inayopanda hadi kwenye milango ya majiko. Hiyo ilikuwa ya wafanyakazi. Mpishi na dobi wa Kiafrika hawakupita mlango wa mbele. Anayetaka kulisifu jengo hili, nasi tunalisifu, hana budi kuizunguka nyumba yote.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, baada ya kupitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU hapa hapa mjini, katika ukumbi ulio karibu na Levolosi ambao leo ni makumbusho ya Azimio hilo. Wazee wanakumbuka zaidi mabenki na mashamba. Lakini miongoni mwa masharti ya uongozi lilikuwamo hili: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Kodi ya nyumba ilihesabiwa kuwa jasho la mtu mwingine. Haikupita miezi miwili, tarehe 26 Machi mwaka huo huo, Papa Paulo VI akatoa waraka wake Populorum Progressio, akifundisha kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na masharti. Tulipokuwa seminari tulipenda kuziweka tarehe hizo mbili pamoja ubaoni, na walimu wetu walipenda tuziweke.

Miaka minne baadaye, tarehe 22 Aprili 1971, ilikuja sheria ya kutwaa majengo. Jengo lililopangishwa, ambalo thamani yake ilikuwa shilingi 100,000 au zaidi, likawa mali ya umma. Nyumba aliyoikaa mwenyewe peke yake haikuguswa. Majengo yapatayo 3,000 yalitwaliwa nchini, na karibu yote yalikuwa ya raia na wakazi wenye asili ya Asia. Ikaundwa ofisi ya Msajili wa Majumba, na hata leo, ingawa ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, wazee wa mjini bado wanasema "majumba ya Msajili".

Kulikuwa na kifungu kimoja kuhusu fidia ambacho vijana hawakijui. Jengo lililokuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi halikulipwa fidia; lililo changa zaidi lilifidiwa kwa kadiri ya miaka iliyobaki kufikia kumi. Hoja ilikuwa kwamba kwa miaka kumi ya kodi mwenye jengo amekwisha kurudishiwa gharama zake. Basi, msomaji, inua macho tena kwenye ule ukuta wa juu. Toa 1957 katika 1971.

Si kwamba serikali ilihitaji kusoma lipu; nyaraka zilikuwapo. Hata hivyo tangu tulipoifanya hesabu hiyo hatujaweza kuutazama mwaka ule kama pambo.

Mwenye jengo na jamaa yake walibaki ndani kwa muda wakiwa wapangaji. Hilo hatukulisoma kitabuni. Tulilisikia kwa mtu aliyekuwamo.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka juzi. Tulikuwa kwa yule mama wa ghorofa ya pili, tumemaliza sala, tunakunywa chai, mlango ukabishwa. Alisimama mzee wa Kihindi wa miaka kama sitini na mitano, kofia mkononi, na nyuma yake binti kijana mwenye kamera ambaye hakujua Kiswahili.

"Shikamoo, mama," alisema yule mzee.

"Marahaba, mwanangu. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, mama. Nilizaliwa katika jengo hili. Pale chini wamenikatalia kuingia, wanasema mwenyewe hayupo. Nimeona mlango wako una msalaba, nikasema nijaribu."

Mama hakujibu upesi. Baadaye alitueleza kwamba aliitazama mifuko ya koti lake, akitafuta karatasi ya mahakama. Kisha akasema, "Karibu ndani, baba, chai ipo," kwani katika desturi zetu mtu hafukuzwi mlangoni hata kama anakuja na karatasi.

Aliingia akasimama katikati ya sebule, akainua macho darini. Kutoka kwenye zege la dari zilining'inia pete mbili nene za chuma, umbali wa hatua mbili kati yake. Katika pete moja mama alikuwa ametundika mkungu wa ndizi. Mzee alicheka, kisha akatoa leso.

"Shangazi yangu alikaa hapa alipoolewa," alisema. "Hapo palikuwa na bembea."

Katika nyumba nyingi za Wagujarati bembea ya mbao huning'inizwa sebuleni. Si ya watoto. Ni kiti cha wazee, mahali pa kunywea chai na kuamulia mambo. Yeyote aliyemimina zege la dari hii mwaka 1957 alizipachika pete zile kabla halijakauka, kwa ajili ya watu ambao bado hawajahamia. Mama akasema, "Karibu miaka hamsini nauliza hizi pete ni za nini. Marehemu alisema ni za kufungia feni."

Ndipo mzee akatueleza. Mwaka 1971 alikuwa kijana wa shule. Kila mwezi baba yake alishuka ngazi, akaenda ofisini, akapanga foleni na kulipa kodi ya nyumba aliyoijenga, akarudi na risiti, akaziweka risiti zote katika bati la biskuti. Hakusema neno baya juu ya Mwalimu. Mwaka 1973 wakaondoka kwenda Kanada. Huko baba yake alikuwa na mzaha mmoja tu kuhusu Arusha, aliourudia mpaka alipokufa: kwamba kosa lake maishani lilikuwa kumwacha fundi aandike 1957, wakati angeweza kumwambia aandike 1967.

Mama alimsikiliza. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia kwa mtu aliye mwenyeji mbele ya mgeni. "Sisi tulipewa funguo mwaka 1974. Hatukuuliza ni za nani."

Hakulisema kama maungamo, wala mzee hakulipokea hivyo. Mume wake alikuwa karani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Arusha. Walitoka katika chumba kimoja Ngarenaro, watoto wanne, wakaingia katika vyumba viwili vyenye bomba la maji ndani. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mume akakosa kazi, na madai ya mafao ya watumishi wale yakaendelea miaka na miaka, mpaka wengi wao walizikwa kabla ya kuyaona. Kitu kimoja ambacho Jumuiya iliyovunjika haikuweza kukichukua kilikuwa makao haya, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo. Watoto wanne walisomea juu ya terazo ile. Mmoja ni mwuguzi. Kama Msajili asingempa baba yao ufunguo, hatujui wangesomea wapi.

Sasa, mpendwa msomaji, mtu atatuuliza tunasimama upande gani. Hatuoni kwamba kusudi la Azimio lilikuwa ovu. Walikuwapo wenye majumba kumi na ishirini ambao hawakuwahi kuziona sura za wapangaji wao, na mji ambao Mwafrika aliujenga kwa mikono yake huku akipita ngazi ya nyuma ulihitaji kuguswa na sheria. Lakini sheria ile iliuliza maswali mawili tu: je, limepangishwa, na je, linafika shilingi laki moja? Haikuuliza kama mwenye jengo anasikia miguu ya wapangaji usiku. Ilimweka mtu mwenye ghorofa moja, anayelala ndani yake, katika fungu moja na bepari wa majumba ishirini. Na kile kifungu cha miaka kumi sisi twakiona kuwa kibaya kuliko vyote, kwa sababu kiliyaadhibu majengo kwa kudumu. Yale yaliyojengwa vizuri na zamani ndiyo yaliyochukuliwa bure.

Nayo matokeo yalionekana katika kuta. Kodi ndogo ilikuwa neema kwa kaya kama ya mama huyu, lakini kodi ndogo haipaki rangi wala haizibi paa. Katika miji yetu yote majengo ya namna hii yalikaa miongo kadhaa bila mtu aliyejihisi kuwa mwenyewe. Zanzibar, ambako nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hali ilikuwa nzito zaidi, maana chokaa na mawe ya matumbawe havisubiri kama zege linavyosubiri. Zege husubiri sana. Pengine ndiyo sababu tunalichelewesha.

Jengo letu limebadili mikono tangu enzi hizo, na mwenye jengo wa sasa hatumtaji. Yanasemwa mengi: kwamba litabomolewa na kujengwa la ghorofa kumi, kwamba limechoka. Wanaotaka libomolewe hutaja usalama, nao wana haki ya kuutaja. Lakini tukumbuke kwamba jengo lililoanguka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, likaua watu 36, halikuwa la zamani. Lilikuwa jipya, la ghorofa 16, bado linajengwa. Umri wa jengo si ugonjwa. Aitwe mhandisi, apime nguzo na nondo, aseme kweli, na wakazi wasomewe alichoandika. Ni dai dogo, na hatuoni kwa nini lionekane kuwa siasa.

Levolosi kwenyewe tuna maghorofa mapya. Ni safi, maji yanafika, na kila mlango una namba yake. Na tangu sheria ya mwaka 2008 mtu anaweza kupata hati ya makao yake peke yake ndani ya jengo, jambo ambalo zamani halikuwa na njia iliyo wazi. Twalishukuru. Ila sheria hiyo imeleta swali ambalo ghorofa la 1957 limekuwa likiuliza muda wote: ngazi ni ya nani? Paa ni la nani? Atakayenunua makao ghorofani amenunua pia, apende asipende, sehemu ya kila ngazi atakayoikanyaga jirani yake, na ndiyo maana sheria inawataka wenye sehemu kuunda umoja wa kusimamia vile visivyo vya mtu mmoja.

Katika jengo letu hakuna umoja wa namna hiyo, lakini kuna reli ya ngazi iliyokatika. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, chuma cha kushikia kilioza na kung'oka, na ngazi ya uani ilizibwa zamani kwa matofali. Yule mama hajashuka chini tangu Pasaka. Wakati wa Misa za jumuiya kinamama huleta viti kwake, Waislamu wa mlango wa pili huazima vikombe, na mikutano hufanyika chini ya zile pete mbili. Ndipo lilipoibuka wazo la kumwita fundi bila kumsubiri mtu.

Fundi amekuja, amepima, na ametaja bei yake. Kaya nane zimegawana, na kila moja imetoa, hata wale vijana wa chumba cha mwisho ambao hatukuwategemea. Kutoka Kanada zimefika fedha kidogo kwa simu, pamoja na ujumbe mfupi kwa Kiswahili kwamba ni kwa ajili ya ngazi ya mbele, na kama zikibaki, ya nyuma ifunguliwe. Maduka matatu ya chini yamechanga. La nne bado linajadiliana na fundi, kwa hoja kwamba wao hawapandi juu.